Vidole Vitatu Kutoka Ncha ya Kiatu

Plouvernec, 6 Machi 1988

Shangazi Zulma,

Shikamoo. Nimefika salama, na baiskeli imefika salama kuliko mimi, maana ndani ya treni yenyewe ililala na mimi nikasimama. Nimepangiwa kwa mjane mmoja, Madame Soazig, anayepika chapati za ngano nyeusi asubuhi na jioni na kuniambia kila akipita kwamba nimekonda. Mvua ya huku ni ile ile ya kwetu, ila inakuja kutoka ubavuni. Kifaransa changu kinawachekesha watu kuliko redio. Wasalimie Baba na Mama. Msalimie Maurits na njiwa wake, na wote wanaokunywa kwako Jumapili baada ya misa, na wale wanaokunywa badala ya misa.

Sasa la maana. Tuko vijana saba kwenye timu. Siku ya kwanza Bosi Kerdraon alitukalisha mezani akasema bila kuzunguka: baada ya mbio za Pentekoste atabakiza wanne, watatu watarudi makwao. Unajua kinachoningoja nikirudi. Baba ameshaniwekea nafasi kiwandani, kwenye mashine za mazulia, karibu na yake. Sidharau mazulia, Shangazi, yametulisha. Lakini kila nikifikiria ile kelele ya mashine nakanyaga kwa nguvu zaidi.

Jambo jingine ni pedeli. Huku vikapu vya vidole na mikanda ya kufungia mguu kwenye pedeli vimetupwa. Pedeli mpya ina mdomo mbele na springi nyuma. Chini ya kiatu unafunga kibanio cha plastiki. Ukikanyaga kinalia ta, na mguu umenaswa. Kutoka, unapindua kisigino kwenda nje. Bosi alitupa pedeli na vibanio, viatu akasema kila mtu ajitafutie. Nilinunua pea nzuri mjini, nikampelekea fundi wetu Yann, akaipindua akacheka: soli ina matundu manne, na kibanio kinataka matatu. Nikarudi kubadilisha. Muuzaji akaniambia kiatu, kibanio na pedeli ni kinyume cha binadamu, lazima vioane ndani ya ukoo mmoja.

Kuhusu alama yako ya mahali pa kufungia, usihofu. Yann alitaka kunifungia vibanio mwenyewe, nikamnyang'anya kiatu. Nilikilaza kile cha ngozi ulichonipigilia mwaka jana juu ya hiki kipya, ncha kwa ncha, nikahamisha alama yako kwa penseli. Vidole vyako vitatu kutoka ncha, pale pale. Hakuna mtu aliyeigusa.

Mwanao,
Lieven


Ruddersgem, 15 Machi 1988

Lieven,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imetushusha pumzi watu watatu: mimi, mama yako, na Maurits, ambaye alikuwa ameapa kwamba umepotelea Paris. Hapa hatujambo. Baba yako hasemi kitu, kwa hiyo ni mzima. Padri ana mafua na bado anahubiri. Njiwa mmoja wa Maurits alikwenda mashindanoni hajarudi, na mwenyewe anakaa hapa kaunta akitazama dirishani kama mtu aliyekimbiwa na mke. Nimemwambia njiwa si mjinga, kaona anarudi kwa nani.

Hizo pedeli zako nimewasimulia wateja. Walicheka mpaka bia ikawapalia. "Huo ni mtego wa fuko," alisema Maurits, "mwambie asikanyage kwenye bustani." Marehemu baba yangu alikuwa na msemo wake, kwamba mguu usifungwe na kitu ambacho mkono hauwezi kukifungua. Mkanda unaulegeza kwa vidole. Springi utaibembeleza? Lakini ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Kama bosi wako anataka hizo, panda hizo.

Lililonifurahisha ni la alama. Nyumba yetu haina kipimo kingine. Baba yangu alinipimia hivyo nilipokuwa nakimbia mbio za wanawake, enzi watu walikuwa wakisimama barabarani kutuzomea turudi jikoni, na mimi nikakupimia wewe hivyo hivyo. Kiatu kipya unakiendesha wiki nzima bila kibati, kile kipande cha kupigilia chini ya soli. Chuma cha pedeli kinaing'ata soli ya ngozi, kinaacha mstari, na kwenye mstari huo ndipo msumari unapoingia. Mguu wenyewe unasema unataka kukaa wapi. Sasa huyo Yann akae na spana zake.

Mashabiki wako wamekodi basi la kuja huko kwa Pentekoste. Limejaa. Mimi sitakuja, baa haiwezi kujihudumia. Lakini nimeona jina la baba yako kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Ameliandika mwenyewe, dogo, chini kabisa, na hakumwambia mtu.

Kula vizuri, na usimkatae chapati huyo mjane.

Shangazi yako,
Zulma


Plouvernec, 2 Aprili 1988

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Samahani kwa kuchelewa, mbio zilifuatana. Madame Soazig ananitunza. Mbwa wake, Biskwi, sasa analala juu ya jezi yangu, na jezi inanuka kama yeye. Njiwa wa Maurits karudi?

Mbio za kwanza nilikuwa wa tisa. Za pili nilikuwa huko nyuma na wengi. Za tatu sikumaliza, mnyororo ulinisumbua.

Nina swali dogo. Kuna rafiki yangu kwenye timu anaumwa goti, kwa mbele, chini ya kile kifuniko chake. Akianza safari haumwi, baadaye linachoma, na kwenye kilima linawaka moto. Babu alikuwa na dawa ya goti? Nauliza kwa niaba yake tu.

Lieven


Ruddersgem, 9 Aprili 1988

Lieven,

Marahaba. Njiwa amerudi. Amekonda na hasemi alikuwa wapi. Mnafanana.

Mama yako amepanda maharage, baba yako amekohoa kidogo akaacha. Huku kwingine kote kwema.

Huyo rafiki yako anaitwa nani? Barua yako ina majina ya watu wote, mpaka mbwa ametajwa jina, ila yeye hana. Mwambie mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie pia kwamba mnyororo haumsumbui mtu aliyefundishwa na mimi kuupaka mafuta.

Dawa ya babu yako ni hii. Chukua jani la kabichi la nje, liponde kwa chupa mpaka litoe maji, lifunge gotini kwa kitambaa, ukae nalo mpaka lilegee. Limeponya magoti ya kijiji hiki kabla ya daktari kununua gari. Asipande kilima kwa gia kubwa. Na mwambie asiguseguse vibanio vyake, maana mtu akiumwa huanza kutafuta mchawi.

Nina wasiwasi na huyo rafiki yako. Nakuambia wazi ili naye umwambie.

Zulma


Plouvernec, 21 Aprili 1988

Shangazi,

Shikamoo. Rafiki amefunga kabichi. Goti bado linauma, ila sasa linanuka supu na Biskwi ananifuata kila ninakokwenda.

Ndiyo, ni mimi. Umeshajua, basi nimechoka kuandika kwa mzunguko. Linauma tangu wiki ya pili. Daktari wa timu amelibonyeza akasema nipumzike mpaka kiangazi, na kiangazi ni baada ya Pentekoste. Nilimwendea Bosi nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema, "Kijana, mimi nina baiskeli saba na mkate wa watu wanne. Pentekoste uwe umepona, au uende kwenu kwa amani." Usimwambie Baba.

Nimegombana na Yann pia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya karakana nikisugua goti, akanipita.

"Kibanio chako kimekaa kwenye kucha, Mbelgiji. Lete hicho kiatu."

"Kiguse uone."

"Nani alikupimia? Bibi yako?"

"Shangazi yangu. Na ameshinda mbio nyingi kuliko wewe ulivyoosha minyororo."

"Haya bwana. Basi mlete shangazi yako apande kilima kwa niaba yako."

Wote wakacheka. Nilimjibu neno ambalo silirudii hapa. Nakuandikia haya ili ujue sikukuangusha. Alama iko pale pale, na haitaguswa hata nikirudi nyumbani nikichechemea.

Lieven


Plouvernec, 6 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua tangu ile ya kabichi. Umekasirika kwa sababu nilikuficha? Au kuna mgonjwa nyumbani? Nilimpigia simu Mama kwenye duka la mkate, akasema wewe "uko sawasawa tu", kwa sauti ambayo mtu haitumii kama mambo kweli ni sawasawa.

Pentekoste ni wiki mbili zijazo. Goti ni lile lile. Niandikie hata mstari mmoja.

Lieven


Ruddersgem, 9 Mei 1988

Lieven,

Huu ni mwandiko wa Maurits. Shangazi yako anasema, mimi naandika. Mkono wake wa kulia unapumzika. Anataka niandike kwamba aligonga mlango. (Nimeandika mlango. M.)

Marahaba, mwanangu. Sijakasirika. Hakuna mgonjwa. Baba yako mzima, mama yako mzima, maharage yameota. Nisikilize sasa, na uisome hii barua ukiwa umekaa.

Yale maneno ya huyo Yann, kwamba nije nipande kilima mwenyewe, yaliniwasha siku nzima. Niliwahudumia watu bia wasizoagiza. (Kweli. M.) Kesho yake nikaenda mjini nikanunua pedeli za aina yako. Nikanunua na viatu. Nikafika nyumbani nikakuta matundu manne, vibanio vinataka matatu, kama wewe. Kwa hiyo ujinga wako ni wa ukoo, usijilaumu. Nilibadilisha. Nikatoa viatu vyangu vya zamani kabatini, vile vilivyonipa ushindi nikiwa msichana, nikahamisha alama yangu kwa penseli, ncha kwa ncha, kama ulivyofanya wewe. Nikaendesha mpaka kwenye kinu cha upepo na kurudi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya nne goti liliniuma. Kwa mbele, chini ya kifuniko. Kwenye kile kilima chetu kidogo likawaka moto. Nikashuka pale pale nikakaa kwenye majani nikakuwaza wewe. (Alirudi akikokota baiskeli. Hakutaka kuulizwa. M.)

Nikapanda darini nikashusha viatu vyako vyote, kuanzia vya kwanza nilivyokupa mpaka vya mwaka jana, nikavipanga kwenye kaunta. Maurits alishika rula. Vya kwanza ni namba arobaini na moja, na kwenye soli ule mstari wa pedeli unaonekana mpaka leo, umeng'ata ngozi vizuri. Vingine vyote soli ni safi. Havina mstari. Ndipo nilipokumbuka. Wewe hukuwa mtoto wa kungoja wiki. Kila mwaka viatu vipya vilikuja na mbio ziko mlangoni, ukanisimamia pembeni ukisema "Shangazi, haraka," na mimi nikachukua kipimo kwenye vile vya kwanza, vidole vyangu vitatu kutoka ncha, nikapigilia. Mwaka jana ulivaa arobaini na nne. Kiatu kimerefuka, vidole vyangu havikurefuka.

Ile alama uliyoilinda ni ya mvulana wa miaka kumi na sita, Lieven, na ile yangu ni ya msichana mwenye mguu mdogo kuliko wa leo. Ndiyo maana kibanio kiko chini ya vidole badala ya kuwa chini ya kile kifupa kinene cha kidole gumba. Ngozi ilikuwa inatusamehe. Soli ililegea, mkanda ukalegea, mguu ukajitafutia mahali pake bila kutuambia. Plastiki haisamehe, ukiikosea inakushikilia kwenye kosa lako mpaka goti lipige kelele. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi chetu kilikuwa kiatuni.

Kwa hiyo nenda kwa Yann leo, si kesho. Mpe viatu vyote viwili. Avirudishe vibanio nyuma na avigeuze mpaka mguu ukae unavyotaka wenyewe. Alama yangu ifute. Nakuamuru kama shangazi yako, dada wa baba yako. Umeilinda kwa mapenzi, nami nimeelewa, na roho yangu imetulia kuliko wakati wowote tangu Pasaka. Wewe sasa ni mtu mzima na una miguu ya mtu mzima. Ningetakiwa kuliona hilo bila rula.

(Hapa amechukua kile kiatu cha kwanza akakifuta vumbi kwa aproni, akaniambia nisiandike hilo. M.)

Zulma
kwa mkono wa Maurits


Plouvernec, 14 Mei 1988

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole ya mkono. Huo mlango uliuumiza vibaya?

Barua yako ilifika Jumatano asubuhi nikiwa nakunywa kahawa. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema, halafu nikaisoma tena nimesimama. Madame Soazig aliuliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna, ni habari njema. Akasema basi wewe habari njema unazipokea vibaya.

Nilikwenda karakana na viatu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, tena nilizistahili. Nikamwambia Yann shangazi yangu amepanda kilima, na amesema nimpe viatu. Aliweka spana chini.

"Amepanda kweli?"

"Na pedeli hizi hizi. Ana miaka sitini na moja."

"Na goti?"

"Liliwaka."

Hakucheka. Alisema angependa kumjua mtu wa namna hiyo. Akanikalisha kwenye benchi, akanishika mguu, akakitafuta kile kifupa kwa kidole, akaweka kialama cha chaki ubavuni mwa kiatu. Alivirudisha vibanio nyuma karibu upana wa kidole changu kidogo. Cha kushoto alikigeuza nyuzi chache, kwa sababu anasema natembea kama bata kwa mguu huo mmoja. Kumbe nyote mlijua na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilikwenda polepole siku ya kwanza. Siku ya pili nikatafuta kilima. Siku ya tatu nikatafuta kikubwa zaidi. Nilikuwa nasubiri lile goti lianze, nikiwa nimekaza meno kabisa, na halikuanza. Nilifika juu nikasimama kando ya barabara karibu na ng'ombe wa watu nikacheka peke yangu. Shangazi, halikuanza.

Bado kuna mbio, na bado tuko saba. Lakini sasa nitashindana na wale sita tu.

Mwanao,
Lieven


Plouvernec, 24 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo. Najua basi limeshafika na umeshasimuliwa yote, na Maurits ameongeza chumvi. Hata hivyo nataka ulisikie kwangu.

Nilikuwa wa tano. Sikushinda, na kwa mara ya kwanza maishani sikulia kwa kutoshinda. Kwenye kilima cha mwisho tulibaki kumi na moja, mvua ya ubavuni kama kawaida, na nikawasikia watu wa kijiji chetu kabla sijawaona. Nani mwingine analeta tarumbeta za bendi ya kanisa kwenye mbio? Baba alikuwa amesimama peke yake juu zaidi, mbali na wenzake, bila mwavuli. Nilipompita alisema kitu kimoja, kwa sauti yake ile ya mezani: "Goti?" Nikamwambia, "Zima!" Akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo ulimwambia. Nimekusamehe.

Jioni Bosi alitukalisha mezani pale pale pa siku ya kwanza akataja majina. Langu lilikuwa la tatu. Yann aliketi nyuma yangu akakipiga teke kiti changu. Nitakaa mpaka Oktoba, na ikiwezekana msimu mwingine. Nilitoka nje nikajikuta nimekaa kwenye ngazi ya karakana nikipumua kama mtu aliyetolewa majini. Wale watatu walioachwa niliwaaga asubuhi. Mmoja alinipa mkanda wake wa kahawia, ule wa kufungia begi nyuma ya kiti. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia asante.

Sasa kuhusu mlango. Kabla ya basi kuondoka Maurits alikunywa bia mbili, akanivuta pembeni. Anasema ulikuwa mlango kweli, mlango wa kanisa, na kwamba ulikuwa umbali wa hatua chache. Anasema siku ya maandamano ya mtakatifu, baada ya kugundua la goti na kurekebisha vibanio vyako, uliamua kupita mbele ya kanisa ili watu waone. Anasema padri alitoka na sanamu, bendi ikatoka, ikabidi usimame, na ukasimama vizuri sana, wima kabisa, bila kutoa mguu. Halafu ukaanguka polepole kama mti, ukimtazama padri machoni. Na kwamba bendi haikuacha kupiga.

Shangazi, umevunja mkono kwa ajili ya goti langu. Sijui niandike nini. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikaichana. Asante.

Mwanao,
Lieven


Ruddersgem, 5 Juni 1988

Lieven,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Usiucheke, plasta imetolewa jana na vidole bado vimezubaa. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri, na kwamba hajawahi kutibu mtu aliyeanguka akiwa amesimama.

Maurits hatakunywa hapa bure tena. Bendi haikuacha kupiga, hilo ni kweli, lakini walipunguza sauti. Padri alinipa baraka nikiwa bado nimelala chini na baiskeli juu yangu, kwa sababu alidhani nimepiga magoti kwa namna mpya. Sasa kijiji kizima kinaniamkia "Shangazi Mlango". Nimewaacha. Wakati ule nilikuwa na jambo kubwa kuliko aibu, na sasa jambo lenyewe limepita salama, kwa hiyo aibu nayo haina kazi.

Barua yako niliwasomea watu Jumapili, isipokuwa ile sentensi ya mwisho. Hiyo ni yangu.

Kuna habari ya baba yako ambayo hatakuandikia, kwa hiyo nakuandikia mimi. Jumatatu baada ya kurudi alikwenda ofisini kiwandani, na nguo zake za Jumapili, akawaambia ile nafasi aliyokuwekea wampe mtoto wa mtu mwingine. Mama yako alijua kwa sababu alimkuta anapiga mluzi akinyoa ndevu. Anapiga vibaya. Tumemwacha apige.

Viatu vyako vya zamani nimevirudisha darini, vyote isipokuwa ile pea ya kwanza ya namba arobaini na moja. Hiyo ipo juu ya rafu, kati ya chupa, soli zimegeukia watu ili mstari uonekane. Wageni wakiuliza, Maurits anawaeleza vibaya na mimi namsahihisha. Nyundo ya babu yako, ile ya kupigilia vibati, niliitumia kupigilia msumari wa picha yako waliyokupiga kule kilimani, mdomo wazi, mate yanaruka. Picha mbaya sana. Kila anayeingia anaitazama.

Mimi nitapanda tena wiki ijayo. Goti langu halisemi kitu tangu nilipokirudisha kibanio nyuma, na ni dhambi kuacha pedeli mpya ghalani. Kitu kimoja tu nakuomba, uniandikie kwa herufi kubwa kwenye kadi nibandike kwenye usukani: kutoka, kisigino kinapinduliwa ndani au nje? Mpaka sasa natoka kwa kubahatisha. Najua uliandika kwenye barua yako ya kwanza. Siku ile nilikuwa nacheka sana, sikushika.

Shangazi yako,
Zulma